Mama Mdogo na Moto wa Mtu Mwingine

Kila jioni, kabla hajamsalimia mtu yeyote, mama mdogo alisimama bombani uani akaosha masikio. Si uso, si mikono: masikio. Alipaka sabuni, akasugua mbele na nyuma, akasuuza, ndipo akageuka na kusema, "Haya, hamjambo humu?" Mama, ambaye ni dada yake, alimtania: "Utayachubua hayo!" Yeye alicheka tu. Mimi nilitaka sana kujua ni kitu gani kilikuwa kinaingia humo mchana kutwa.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Alikuwa mshauri katika kituo cha afya: waliofiwa, waliopigwa, waliokosa usingizi, wote waliletwa kwake. Walimwita daktari, na alishachoka kuwakatalia. Zamani washauri walikuwa watatu. Mmoja alihama, mwingine akaacha, na watu wao wote wakamwangukia yeye. Tena kazi hiyo ina utaratibu wake, alinieleza mwenyewe: anayesikiliza wengine lazima naye awe na mtu wa kumsikiliza. Mtu wake alihamishwa. Kila akimuuliza mkuu wa kituo, jibu lilikuwa lile lile: tunatafuta.

Siku moja nilimfuata kazini kuchukua ufunguo wa nyumba. Chumba chake kilikuwa kipande cha korido kilichozibwa kwa mbao nyembamba, na benchi la wanaosubiri liliegemea mbao hizo hizo. Ili siri za watu zisisikike, waliweka redio juu ya benchi, ikapiga kelele tangu asubuhi. Niliona ni akili ya ajabu. Nikakaa pembeni ya fundi mwashi mmoja, mikono yake bado ina saruji. Ndani alikuwemo mama mmoja mshonaji, mjane.

Umeme ukakatika. Redio ikanyamaza katikati ya tangazo la sabuni, na sauti ya mama mdogo ikatujia safi kabisa.

"Na ule moto, bado unauota?"

"Moto gani?"

"Ule uliounguza nyumba."

"Daktari, nyumba yangu ipo. Mimi nimefiwa na mume. Alikufa kitandani, nimemshika mkono. Siku zote hizi ninazokuja hapa, ulikuwa unamsikiliza nani?"

Benchi zima likaangalia sakafu. Fundi mwashi akakohoa.

"Huo moto ni wangu," fundi aliziambia mbao, taratibu. "Samahani, mama. Nirudishie tu."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Ndani mshonaji naye alicheka, kisha tukasikia analia.

Mama mdogo alitoka, uso umemshuka. Alimwomba fundi radhi mbele ya watu wote, akaenda moja kwa moja kwa mkuu. Mlango wa mkuu ulikuwa wazi, maana feni nayo ilikuwa imezimika.

"Mkuu, nimechanganya watu. Nimetoa siri ya mtu hadharani. Nipunguzie, angalau mpaka nipate wa kunisikiliza."

"Aa, dada yangu, nani hajachoka? Wewe hubebi zege. Unakaa kwenye kiti, unasikiliza."

"Zege likiharibika linaonekana. Mimi nikiharibu, mtu anaondoka na jeraha moyoni."

"Sasa benchi lile nilipeleke wapi? Wewe fupisha tu. Mtu akianza kulia, mwambie arudi wiki ijayo."

"Akianza kulia?" aliuliza, kama anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Ndiyo. Hapo ndipo muda unapopotea."

Mama mdogo alimtazama bila hasira, kama mtu anayesoma kibao cha njia. Kisha akarudi chumbani kwake.

"Mama, sikuwa nakusikiliza," alimwambia mshonaji. "Si leo tu. Nikiendelea nitakuumiza."

"Basi niende kwa nani?"

"Sijui. Hilo ndilo linalonitesa."

Alipotoka alikuwa na mkoba begani. Fundi mwashi akasimama.

"Daktari, usijali. Huo moto nitakusimulia upya."

"Si mimi tena, kaka. Nisamehe."

Mkuu alichungulia mlangoni. "Unaenda kula? Wahi kurudi, watu wamejaa."

"Wamejaa, nimewaona," alisema mama mdogo. Alimpa mkono kila aliyekuwa kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, hata yule aliyecheka, akashuka ngazi na kuvuka geti. Kituo kile hakukikanyaga tena.