Siku Niliyoogopa Kuitika

Wiki iliyopita nilikuwa dukani kwangu hapa Makutano, Meru, nikimkatia mteja kitambaa, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa binamu yangu anayeishi sokoni Kanja, kijijini kwetu: "Bwana amemwita jirani yetu wa ng'ambo ya mto." Niliweka mkasi chini nikavaa sweta, mteja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni baridi. Haikuwa baridi, rafiki yangu. Ni lile neno, kuitwa. Limenitisha tangu nikiwa na miaka tisa.

Mwaka ule babu alifariki, na pale mazishini kila aliyeshika kipaza sauti alisema Mungu amemwita. Jumapili iliyofuata, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alitukalisha kwenye nyasi nje ya kanisa, akatuambia kwa furaha kubwa kwamba Mungu huita hata watoto, tena kwa jina. "Na akikuita usikatae," alisema. Wenzangu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mahali anapopelekwa mtu aliyeitwa: shimoni, chini ya udongo mwekundu.

Basi nikaanza kujificha. Usicheke. Nikienda na nyanya yangu kuchuma majani chai, nilitembea nimeinama kati ya mistari, nisionekane kutoka juu. Kanisani nilikaa nyuma ya mama mmoja mnene wa kwaya. Hata nduma za moto na chai ya maziwa, vitu nilivyopenda kuliko vyote, niliviacha mezani. Nyanya aliniuliza mara nyingi, "Wawira, nini inakusumbua?" Nilichukua ufagio nikatoka nje.

Julai ikaingia. Kama unaijua Kanja, unaijua na Julai yake: ukungu unashuka kutoka mlimani asubuhi na kukaa mchana kutwa, nguo inamaliza siku tatu kwenye kamba bila kukauka, moshi wa jikoni hauna pa kwenda. Alasiri moja nyanya alinituma nikate nyasi za nepia za ng'ombe kule chini karibu na mto. Akanionya, kama kawaida, nisivuke. Ng'ambo lilikuwa shamba la jirani, mama mjane, na yeye na nyanya hawakuwa wamesalimiana tangu wagombanie mpaka.

Nilikuwa nimekata nusu ya mzigo niliposikia jina langu.

"Wawira!"

Lilitoka ndani ya ukungu, jembamba, kama limetamkwa na mtu aliyechoka. Niligeuka huku na huku. Hakukuwa na mtu. Nikajiambia ni maji yanapiga mawe. Likaja tena, "Wawira!" Hapo nilitupa panga, nikapanda ule mteremko mbio, nikaingia chini ya kitanda cha nyanya na kuziba masikio.

Nyanya alinivuta kwa mguu. "Nani anakufukuza?"

"Cucu, Mungu ameniita. Sitaki kufa."

Hakunicheka. Alikaa sakafuni, akanishika uso kwa mikono yake iliyonuka moshi na maziwa. "Kuitwa si kufa peke yake," alisema. "Saa zingine anakuita kwa sababu kuna kazi. Uliitika?"

"Sikuitika."

"Basi twende ukaitike. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Sijawahi kuogopa namna ile tena. Kila hatua niliona kaburi la babu. Tulipofika kwenye nepia nyanya alinigusa bega, nami nikasema, kwa sauti ya kifaranga, "Niko hapa."

Kimya. Kisha tukasikia mtu akiguna kwa maumivu, ng'ambo.

Nyanya alisimama wima. Alijua vizuri ni shamba la nani. Niliona taya lake likikakamaa, nikadhani atageuka turudi nyumbani. Akafunga leso kiunoni, akanishika mkono, tukavuka. Maji yalinifika magotini.

Jirani alikuwa amelala katikati ya nduma, mguu umekunjika vibaya chini yake, midomo imebadilika rangi. Aliteleza asubuhi, na tangu asubuhi alikuwa pale. Nyanya alimvua sweta iliyolowa akamvika yake. "Mama, shika shingo yangu," alimwambia, na hilo ndilo neno la kwanza kati yao kwa miaka. Mimi nilitumwa nikapige kelele barabarani. Wanaume wakaja na blanketi, wakambeba mpaka hospitali. Huko tukaambiwa kwamba saa chache zaidi na baridi ingemmaliza.

Alipopona, nyanya alinipeleka kumsalimia. Nikamwomba msamaha kwa kukimbia aliponiita.

"Mimi sikukuita, mjukuu wangu," alisema. "Sauti ilikuwa imeniisha kabla ya saa sita. Nilikuwa naomba Mungu tu, ndani ya moyo."

Nyanya alishusha kikombe chake polepole. Nywele zilinisimama, na hata sasa ninavyokuandikia zinasimama.

Baada ya hapo hakuna aliyetaja mpaka tena. Wale wanawake wawili walivukiana mto miaka yao yote, huyu na sufuria ya maharagwe meusi ya njahi, yule na maziwa, hata njia ikajichora kwenye majani.

Mimi nimeitwa tena mara nyingi. Si kwa sauti. Jina la mtu fulani linanijia nikiwa kazini, bila sababu, na linakataa kuondoka. Mara nyingine nimefunga duka nikaenda. Mara nyingine nimejifanya sijasikia, na mara hizo ndizo ninazoogopa kuzifikiria.

Juzi nilirudi Kanja tukamzika jirani. Nyanya alitangulia zamani. Mashamba yote mawili yana ua wa waya, nyumba zina makufuli, watoto wote wako Nairobi, na ile njia imemezwa na nyasi. Watu walipotawanyika nilibaki peke yangu juu ya bonde, nikasikiliza. Leo mtu akianguka kule chini, hakuna nyumba hata moja iliyobaki na mtu wa kuitwa.