Kisanduku Alichokinyamazia Ninoska

MANAGUA. Jua ndiyo kwanza linachungulia, na simu ya kwanza inamkuta Ninoska Cajina hata kahawa yake hajaigusa.

"Nitumie teksi, mwanangu, nina miadi hospitali," anasema mama wa upande wa pili. "Nipo ulipokuwa ukumbi wa sinema wa Estela, mitaa miwili kuelekea ziwani, mmoja juu. Geti la kijani."

"Estela upi, mama? Wa zamani au ule wa pili?"

"We! Kwani kulikuwa na wa pili?"

Ninoska anaomba radhi, anaandika jina hilo kwenye ramani ya kompyuta, ramani haimwambii kitu. Anashika redio. "Jamani, nani anajua ulipokuwa ukumbi wa Estela?"

Inajibu sauti ya dereva Wilfredo. "Mimi nimezaliwa umeshabomoka, bibie. Muulize muuza mihogo hapo nje kwako."

Madereva wanaangua kicheko redioni. Ninoska hacheki. Muuza mihogo hapo nje ni Melba Ñurinda, na wawili hao wamekuwa wakisalimiana kwa shida tangu mvua za mwaka jana.

Ninoska ana miaka hamsini na mmoja. Karibu ishirini kati ya hiyo ameimaliza kwenye kiti hiki cha ushirika wa teksi, akipokea simu na kuwapanga madereva, kwa mshahara wa kordoba elfu tisa usiofika mwisho wa mwezi. Katika mji huu mtu hukuelekeza kwa kitu kilichokuwepo, kiwe bado kipo au kilikwenda na tetemeko la ardhi la mwaka 1972, na juu ni kule jua linakochomoza. Asiyejua kilichobomoka hafiki.

Kazi yake ya pili haina mshahara. Ni Trocha, programu huria ya ramani inayotengenezwa na watu wa nchi nyingi wanaojitolea, nayo ndiyo iliyomo kwenye kompyuta ya ushirika. Ninoska hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Yeye hutafsiri maelezo kwa Kihispania, huwapokea wageni wanaoingia kwenye jukwaa lake la mtandaoni wakiwa hawajui pa kuanzia, na kila toleo jipya hulijaribu kwenye simu yake iliyopasuka kioo na kuripoti linapokwama. Jumamosi huwaongoza majirani mitaani kuchora ramani.

"Watu wanadhani programu ni ya wale wanaoiandika tu," anasema. "Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Dhana hiyo ndiyo iliyoniponza."

Miaka minne iliyopita aliomba kitu kimoja, akapewa. Kilikuwa kisanduku kidogo kando ya kila nyumba kwenye ramani, cha kuandikia jinsi wenyeji wanavyopaelekeza. Hapo ndipo Melba alipoingia. Kila Jumamosi alifunga biashara mapema, akavaa kofia ya mumewe, akaenda na Ninoska mlango kwa mlango. Hakuna aliyejaza visanduku vingi kumzidi.

"Yule hajui kuuliza swali moja akaondoka," Ninoska anakumbuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Tukiingia nyumba moja, tunatoka na habari za ndoa tatu."

Mwaka jana, hoja ikawekwa jukwaani kwamba kisanduku kiondolewe. Kilikuwa kinatumika katika miji michache tu, na kilifanya programu iwe nzito kwenye simu za bei nafuu. Utaratibu wa Trocha ni kwamba hoja hukaa wazi wiki mbili, na isipopata pingamizi, imepita. Hapapigwi kura wala haulizwi mtu mmoja mmoja. Ukinyamaza, umekubali.

Ninoska aliisoma siku ileile ilipowekwa. Akaandika jibu refu, akalirekebisha, akaliona lina makosa, akaliacha. Aliwasubiri wakubwa waseme. Wakubwa, kama anavyowaita waandika programu, hawakuwa na habari na Managua.

"Nilijiambia, hapa wanaongea mafundi, mimi mtafsiri nijipenyeze wapi? Halafu Kiingereza changu cha kuungaunga. Kila jioni nalifungua jibu langu, nalisoma, nalifunga. Siku ya mwisho nikasema labda kesho." Anasugua macho. "Kesho yake kisanduku hakipo. Mimi ndiye niliyekiomba, na mimi ndiye niliyekiacha kife."

Aliyeleta hoja ile ni Anselm, mtaalamu wa kompyuta anayeishi Ulaya. Kwa simu, sauti yake si ya mtu aliyeshinda. "Niliuliza, nikasubiri," anasema. "Angeandika neno moja tu, hata kwa Kihispania, ningeiondoa hoja siku hiyohiyo. Mimi sikujua kuna mji unaokitegemea. Ningejuaje?"

Maneno yaliyokuwa kwenye visanduku yamehifadhiwa pembeni. Lakini tangu hapo nyumba nyingi zimechorwa upya, hivyo kila neno lazima lirudishwe kwa mkono, na mtu anayeijua mitaa. Yaani Melba. Na Melba alijiondoa kwenye kikundi cha Jumamosi siku aliyofungua ramani ya mtaa wake akaikuta tupu.

"Sikukasirika kwamba kimefutwa," anasema Melba akipanga ngozi ya nguruwe iliyokaangwa juu ya mihogo iliyochemshwa. "Wazungu wale hawanijui, siwadai kitu. Nilimkasirikia huyu. Tumeunguzwa na jua pamoja, halafu siku ya kusema, mheshimiwa anarekebisha herufi!"

Mwezi huu Trocha inachagua baraza lake jipya, na nafasi moja ni ya mtu asiyeandika programu. Zamani Ninoska aliombwa aingie barazani, akaicheka kama mzaha. Safari hii ameandika mwenyewe ombi lake. Hoja yake ya kwanza akichaguliwa ni kukirudisha kisanduku. Ombi lenyewe lina sharti moja: mwanachama mwingine amuunge mkono hadharani. Melba alijitoa kwenye kikundi, lakini jina lake bado limo kwenye orodha ya wanachama wa Trocha.

Saa sita mchana Ninoska anatoka nje, anasimama mbele ya mihogo.

"Umeandika?" Melba anauliza bila kuinua macho.

"Nimeandika."

"Na mwaka jana uliandika vilevile. Umetuma?"

Ninoska anamnyooshea simu. Melba anafuta mafuta mikononi, anaichukua simu, anasoma polepole hadi mwisho, kisha anarudi mwanzo.

"Hapa umesema samahani kwa kuwasumbua. Unamsumbua nani? Toa."

Ninoska anayafuta maneno hayo. Kidole kinasimama juu ya kioo kilichopasuka, kinakaa hapo kidogo, kisha kinabonyeza.

"Na Estela ulikuwa mmoja tu," anasema Melba akimgeukia mteja mwingine. "Palipo na duka la matairi sasa. Mwambie Wilfredo wako."

Ninoska anakimbilia redioni na kuwatangazia madereva wote, wajue kwa siku nyingine. Mama wa geti la kijani amekwisha kwenda kwa miguu hadi barabara kuu, saa nyingi zilizopita.

Kuhusu kumuunga mkono, Melba hakusema ndiyo wala hapana.

"Amenyamaza," anasema Ninoska akirudi kwenye kiti chake, simu ikiita tena. "Sijui kunyamaza kwake kuna maana gani. Jioni akifunga meza nitamuuliza."