Mtumbwi wa Baba Mdogo

Kwenye mashua ya tanga, mtumbwi mdogo hukaa mbele ya mlingoti, kifudifudi, umefungwa kamba pande zote mbili. Nasema hivyo bila kusita, na anayetaka kubishana nami anikute bandarini Goma asubuhi. Ukiuburuta nyuma, unavuta kama mbuzi aliyekataa kwenda sokoni, na mawimbi yakipanda unakuja mbio kugonga usukani. Ukitaka kuuning'iniza nyuma, uwe mwepesi, na wetu umechongwa kwenye gogo zima. Ukiuweka juu ya sitaha chali, unageuka beseni. Kifudifudi maji yanateleza, na chini yake unapata kivuli cha kuweka mananasi. Jambo lenyewe si gumu, lakini sisi lilitusumbua kwa miaka.

Kikwazo kilikuwa Papa, baba yangu. Ni fundi seremala, ana karakana yake Ndosho, anatengeneza vitanda na milango, ila alizaliwa kisiwani Idjwi na moyo wake haukuwahi kuhamia mjini. Barabara zilipokuwa za wasiwasi na petroli ikawa ya kubembeleza, alinunua mashua iliyokuwa inaoza chini ya bashi, yaani turubai, katika uwanja wa mzungu mmoja wa kahawa aliyekwisha kuondoka. Akabadilisha mbao, akashona tanga upya. Watu wakamcheka: mashua ya starehe, itabeba mananasi? Ilibeba, na inabeba hadi leo, na anayeshika usukani ni mimi, binti yake. Wanaume wa bandarini walinicheka na mimi pia, mpaka walipoanza kutuona tukifika huku wao wamekaa na madumu matupu.

Tatizo la mashua ile ni kwamba chini ina mkuku mrefu, ule uti unaozama majini, na ufuko wetu ni mawe ya volkano, makali, hayana huruma na mbao. Haiwezi kusogea karibu. Unatia nanga mbali kidogo, halafu unashusha watu na mizigo kwa mtumbwi. Bila mtumbwi utabaki unatazama mji kwa macho. Na mtumbwi tuliokuwa nao ulikuwa wa baba mdogo.

Baba mdogo, yaani mdogo wake Papa, alikuwa mvuvi. Jioni moja aliuacha mtumbwi wake ufukoni, akaenda kuvua sambaza, dagaa wa ziwa letu, na wenzake katika ile mitumbwi mitatu inayofungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi. Dhoruba ikawakuta katikati ya ziwa. Wenzake walionekana, wengine wazima, wengine maiti. Miti ilionekana ikielea. Yeye hakuonekana.

Sasa, watu wa upande wa Papa wana desturi yao. Mtumbwi unaopumzika huachwa chali, hata mvua inyeshe. Asubuhi utachota maji, basi. Haugeuzwi kifudifudi mpaka mwenyewe afe. Siku hiyo mke wake anashika ncha moja, ndugu yake wa damu anashika nyingine, wanaugeuza, na matanga yanaanza. Mtumbwi usipogeuzwa hakuna matanga, na hakuna mtu wa kumwita mwanamke yule mjane. Papa alikataa kushika ncha yake.

"Sikuona mwili," alikuwa akisema. "Nitamuzika nani?"

Usimwone mjinga. Kwetu watu hupotea na kurudi. Nani hapa Goma hamjui mtu aliyeliliwa, akasomewa misa, kisha akatokea kambini Mugunga akiuza makala ya kupikia? Papa aliuliza habari za mdogo wake kwa madereva wa Bunagana, kwa mabaharia wa Bukavu, kwa kila mgeni aliyekuja kuagiza kitanda. Nilimhurumia. Lakini huruma haikunizuia kukasirika, kwa sababu nilikuwa na macho, na nilimwona mama mdogo.

Mama mdogo, mke wa baba mdogo, alisafiri nasi kila wiki kuleta mananasi yake kutoka kisiwani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Kanisani hawakujua wampe pole au wamuulize mume anarudi lini. Kina mama wa mananasi walipozungumza habari za waume zao, walishusha sauti akikaribia. Yeye mwenyewe hakusema kitu, maana si kazi ya mke kumtangulia kaka wa mume katika jambo la kifo. Alikaa tu kwenye sitaha, kando ya mtumbwi ule uliolala chali, na mvua ikinyesha alichota maji kwa kidumu kilichokatwa. Alichota kana kwamba mwenyewe atauhitaji kesho.

Nilimwambia Papa tununue mtumbwi mwingine. Akaniuliza huu tuuache wapi, ufukoni, katika mji huu, wapasue wapikie maharage? Na akirudi atakuta nini? Nikamwambia siku moja utatuzamisha. Akanijibu kwamba yeye ndiye aliyeijenga mashua upya na anaijua. Ni kweli aliijua. Mimi nilikuwa naijua zaidi kwa upande wa upepo, na mashua yenye uzito wa maji puani haitii usukani.

Siku yenyewe tulikuwa tunarudi kutoka Idjwi, mchana, tumejaza mananasi. Upepo ulishuka milimani upande wa Masisi bila hodi, ukaja na mvua. Wimbi la kwanza likaingia ndani ya mtumbwi, la pili likakaa juu ya la kwanza. Pua ya mashua ikaanza kuchimba. Nilisukuma usukani, nikaona haujibu. Nilimwambia Papa akate kamba, autupe ziwani. Alikwenda mbele na kisu mkononi, akafika, akasimama. Hakukata. Alianza kuchota maji kwa mikono kama mtu aliyechanganyikiwa.

Mama mdogo akainuka kutoka kwenye mananasi yake. Alitambaa mpaka kwenye ncha ya mbele ya mtumbwi, akaishika, akamtazama Papa usoni. Sikuwahi kumwona akimtazama hivyo.

"Shemeji, miye ndiye bibi yake," alisema. "Nimechoka kungojea mutu mwenye harudi. Kamata kwako, tugeuze."

Papa alimtazama. Mvua ilikuwa inampiga machoni na hakuipangusa. Kisha akaweka kisu chini, akafungua kamba, akashika ncha ya nyuma.

Hapo kazi ilikuwa yangu. Nilingoja upepo uvute, nikakaza tanga, mashua ikalala upande mmoja sana, na kwa kulala huko maji ya mtumbwi yakaanza kukimbia yenyewe. Walisukuma pamoja. Ulipinduka kwa kishindo, maji yakamwagika, baharia na abiria wote tukalowa, na pua ya mashua ikainuka. Usukani ukarudi mikononi mwangu. Walifunga kamba, kila mmoja upande wake, na mvua ikaendelea mpaka tulipoiona Goma.

Tulipotia nanga ndipo nilipokumbuka kwamba hatuna cha kushukia. Mtumbwi uliogeuzwa hauteremshwi majini mpaka matanga yaishe. Nilitaka kuuliza tufanye nini, nikaona pale ufukoni watu wamesimama. Wavuvi walikuwa wameacha nyavu zao. Kina mama wa samaki walikuwa wanafungua vilemba. Kutoka mbali walikuwa wameona mtumbwi ule ulivyolala kifudifudi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mtumbwi mmoja ukaja, hatukuuita. Ndani yake walikuwa wanawake tu, wanapiga kasia wenyewe. Walisimama ubavuni mwetu, na aliyekuwa mkubwa wao akamnyooshea mama mdogo mkono.

"Kuya, mama," alisema. "Siku zote tulikuwa tunakungojea."

Mama mdogo alishuka, akakaa katikati yao, na ndipo alipolia. Papa alisimama kwenye sitaha akamsikiliza. Kisha akaweka mikono yake yote miwili juu ya tumbo la mtumbwi, akamwita mdogo wake kwa jina, akamwambia lala.