Lori Lililonata Mkononi

Leo nimemwamkia mzee wa watu huku lori limenata mkononi mwangu.

Lori lenyewe ni dogo, la plastiki, mfano wa yale yanayobeba makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka. Ninaliunda sebuleni tangu mke wangu, mwalimu, ahamishiwe shule ya kule Lipingo.

Kati ya kichwa na bodi palibaki ufa. Nikaujaza gundi ya supagluu, tone kwa tone, ili ikikauka niipige msasa.

Tone moja likapitiliza. Vidole vitatu vya mkono wa kulia, kwisha habari!

Nikaenda dukani kwa jirani yangu, Mzee Shabani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona hunipi mkono?"

Nikaunyanyua. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Dereva! Leo umepakia nini?"

Nikamwomba dawa ya kufutia rangi ya kucha. Halafu nikakumbuka kwamba dawa ile huyeyusha plastiki. Kazi ya wiki tatu ingeharibika.

"Basi tujaribu maji ya uvuguvugu na sabuni," akasema. "Kwani nyumbani hakuna wa kukushikia?"

Nikajifanya naliangalia lori. (Ninyi mngejibuje?)

Akaleta beseni, akaushika mkono wangu, akawa anabandua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayemenya yai.

Lori limepona, na ufa umezibika vizuri.

Kidole cha mwisho kilipobanduka, mzee hakuuachia mkono mara moja, na mimi sikuuvuta.