Kidole cha Mwalimu wa Sindano

Mwelimishaji wetu wa Karatu, anayewazungukia watu wanaojidunga dawa za kulevya, huokota sindano zao kwa koleo, kama mtu anayetoa nyoka chumbani. Kila Jumatatu huwafundisha kwa sauti ileile ya upole: ukichomwa usinyonye kidole, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, wahi kituoni ukapewe dawa za kuzuia VVU. Kisha huwageukia wanaotumia ARV, mmoja mmoja: "Umemeza ya leo?"

Mwezi huu, nyuma ya banda la vitunguu Mang'ola, alisahau koleo garini. Akaokota kwa mkono, sindano ikamchoma, na kidole kikaenda moja kwa moja mdomoni.

"Toa, mwalimu! Usinyonye!" alifoka Inosenti, mteja wake wa siku nyingi, akimmiminia maji ya dumu na kuitisha sabuni. "Haya, twende kituoni. Aibu utaona kesho."

Alipewa vidonge vya siku ishirini na nane. Jumatatu iliyofuata alifundisha kama kawaida, mkono mmoja mfukoni. Alipomaliza, Inosenti akauliza:

"Mwalimu, umemeza ya leo?"

Alitazama saa, akakohoa kidogo, akajibu kama wao wanavyomjibu siku zote.

"Nitameza."