Chai ya Kupigiwa Magoti

Mwaka 2007, nikiwa na miaka arobaini na moja, mume wangu alinigeuza mtumishi wake wa ndani. Dhiki yangu naihesabu kuanzia hapo. Kabla ya hapo nilikuwa maskini tu, na umaskini nilizaliwa nao Tongoni, haukunitisha. Shule niliishia darasa la tatu. Kurani nilihitimu, na kupika nilijua. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyonilisha huko mbele, kwa hiyo asije mtu akaniuliza habari ya vyeti.

Mume wangu alitangulia China, mji wa Guangzhou, kuwanunulia wafanyabiashara wa nyumbani vigae, mabegi na vitasa vya milango na kuwapakilia kwenye makontena. Mtaji ulitoka kwenye shamba la minazi nililoachiwa na mama yangu. Niliuza mwenyewe, kwa sababu aliniambia tutakwenda wote. Alipokwisha kukaa sawa akaniita. Nikafunga kanga zangu, mbuzi ya kukunia nazi nikaiviringisha ndani ya shuka, nikapanda ndege.

Uwanja wa ndege alikuja na mwanamke wa Kichina, mwembamba, nywele zimekatwa usawa wa mabega. Nilimwendea mume wangu nimpe mkono. Akarudi nyuma. Akasema kwa Kiswahili, huku anatabasamu ili yule mwanamke adhani tunasalimiana:

"Sikiliza. Leseni ya biashara ni ya huyu, na nyumba tunayokaa ni ya huyu. Anajua mimi sijaoa. Wewe nimemwambia ni mtumishi, nimekutoa kijijini uje utupikie."

"Mie mtumishi?"

"Kwa muda tu. Ukifungua mdomo tunarudi Tanga wote wawili, na shamba huna tena."

Ndani ya gari alikaa naye mbele. Mie nyuma na mabegi.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tisa. Pasi yangu ya kusafiria akaifungia kabatini. Nililala kwenye kibaraza cha kuanikia nguo, pembeni mwa jiko, kitanda cha kukunja, na nguo zao za ndani zikinidondokea maji usoni. Hao wawili walilala chumbani, kitanda kimoja, na asubuhi mie ndiye niliyetandika.

Mji wenyewe nitausema ulivyo. Watu wale asubuhi wanakunywa uji wa mchele usio na sukari wala nazi, umekatiwa yai jeusi lililolala kwenye chokaa na majivu mpaka limegeuka kama jicho la papa. Nilipoliona mara ya kwanza nilikwenda kulitupa, yule mwanamke akanipiga kibao cha mkono. Wanakunywa maji ya moto kutwa nzima, jua likiwaka, nikadhani wote wanaumwa. Sokoni vyura wamo ndani ya nyavu, wanaruka, na samaki anaogelea mpaka dakika ile anapopigwa rungu. Hakuna anayethubutu kukuuzia samaki aliyelala. Kwa hilo niliwaheshimu, na watu wa soko la Tanga wanisamehe.

Bibi wa mlango wa pili alilamba dole gumba lake akanisugua mkono, aone kama rangi inatoka. Haikutoka. Akamwita mwenziwe naye asugue. Kwenye treni ya chini ya ardhi, watu wamebanana kama dagaa, kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu, na msichana mmoja aliziba pua mpaka tulipofika. Mie nikaweka kikapu changu kwenye kile kiti. Kama wanakiogopa, basi kazi kwao, kikapu changu kimekaa.

Mahali pamoja tu katika mji ule ndipo nilipokaribishwa. Nyuma ya soko palikuwa na bucha, na juu ya mlango, katikati ya maandishi yao yale, pameandikwa neno moja kwa herufi za Kiarabu. Nikalisoma kwa sauti: halali. Mchinjaji, mzee wa kofia nyeupe, aliweka kisu chini akazunguka meza, akanitolea salamu ya Kiislamu, akamwita mkewe alete kigoda. Mkewe alikuwa akivuta tambi kwa mkono, anazitupa hewani kama anayekung'uta shuka. Nilirudi pale kila nilipotumwa nyama, na mkewe akanifundisha kuzivuta.

Kule ghorofani wageni wa nyumbani walianza kuja kula. Neno lilikuwa limewafikia kwamba kwa fulani kuna wali wa nazi na samaki wa kupaka. Watu wazima wa Tanga, wengine wadogo kwangu, wananipigia kelele:

"Dada, ongeza mchuzi! Dada, pilipili!"

Na mume wangu akiwachekesha kwa gharama yangu. "Huyu nimemtoa Tongoni. Lifti akipanda anafumba macho na kusoma dua." Wakicheka, yule mwanamke naye anacheka bila kuelewa. Mie nilikula baadaye, wima, jikoni, kilichobaki.

Siku moja nilimfuata mume wangu jikoni alipokuja kuchukua barafu. Nikamwambia nataka kimoja kati ya viwili: aniite mke mbele ya watu, au aniache kwa talaka nishike njia yangu. Kuwa mke sirini na mtumishi hadharani sikutaka tena.

Akanitazama kama anayetazama sufuria.

"Nikikuacha, nitapikiwa na nani?"

Akatoka na barafu yake. Basi nikajua talaka hiyo haitatolewa kwa kuombwa. Nikangoja.

Haikuchukua muda akatangaza harusi. Nyumbani kwetu mwanamume ana haki ya kuoa tena, na mkewe wa kwanza anapikiwa, anavishwa, anapewa heshima yake. Huyu aliniambia nikasaidie kubeba sinia.

Harusi ilikuwa mchana, kijijini kwa wazazi wa bibi harusi, nje ya mji. Asubuhi ile, katika haraka ya kuvaa suti, alisahau kufunga kabati. Nikachukua pasi yangu nikaifunga kiunoni ndani ya kanga.

Desturi yao ni hii. Maharusi wanapiga magoti juu ya mto mwekundu, wanawapa wazee chai kwa mikono miwili, kwanza wazee wa mwanamume, kisha wa mwanamke. Mzee asipokunywa, hawainuki. Akinywa, amewakubali. Viti viwili vya upande wa bwana harusi vilikuwa vitupu, maana wazazi wake wamekufa. Kwa upande wake alikuwa amewaalika wafanyabiashara wawili wa Ngamiani, Tanga, vijana, wale wale wa pilipili. Mama wa bibi harusi alivitazama vile viti, uso ukambadilika. Kiti kitupu kwao ni nuksi. Akazungusha macho mpaka yakanifikia mie na sinia langu. Akaniuliza umri. Kichina cha sokoni nilikuwa nacho, nikamjibu.

Hapo bwana harusi alikuwa amejikwaa mwenyewe, kwa kuwa ukweni alijipunguzia miaka kumi. Kwa hesabu yake ya uongo, mie nilikuwa mkubwa kwake.

Akaruka. "Hapana, mama, huyu mtumishi tu!"

Yule mama akasema mtumishi au si mtumishi, ni mtu mzima wa kijijini kwao. Akaninyang'anya sinia, akanikalisha kwa kunisukuma mabega, akanitia mkononi bahasha nyekundu ya kuwatunza maharusi.

Kijana mmoja wa Ngamiani akacheka. "Dada, leo umepanda cheo!"

Wakapiga magoti. Yeye na mkewe mpya, mbele yangu. Akanyanyua kikombe kwa mikono miwili. Nikakipokea. Nikakishika hewani, sikukinywa.

"Kunywa," akaninong'oneza.

Nikasema kwa Kiswahili, taratibu, sauti ya kusikika na wale vijana. "Mume wangu, nimekaa nawe miaka kumi na tisa. Nipe talaka yangu ndipo ninywe."

Kicheko cha kijana kikakatika. "Astaghafirulahi! Bwana, huyu ni mkeo?"

"Nyamaza wewe," akamwambia. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji. Akanigeukia. "Usinifanyie hivi. Tutazungumza nyumbani."

"Nyumba gani?"

Wachina walikuwa wanatabasamu wanangoja. Bibi harusi akamtazama, akanitazama, akakitazama kikombe. Baba mtu akakohoa. Chai inapoa na tabasamu zinapoa. Nami mkono wangu umezoea kushika mwiko wa pilau ya harusi, kikombe kile kwangu kilikuwa unyoya. Ningekishika mpaka usiku.

Akainamisha kichwa. "Nimekuacha."

"Kwa nguvu. Mashahidi hawajasikia."

"Nimekuacha! Wewe si mke wangu!"

Nikawatazama wale vijana. Mmoja akaitikia kwa kichwa, mwingine akasema, "Tumesikia, mama." Mama, sikiliza, si dada tena.

Nikanywa mpaka chini. Wachina wote wakapiga makofi, wakadhani nimewaombea heri. Bahasha nikampa bibi harusi, yeye hakuwa na kosa nami. Nikavua aproni nikamwekea bwana harusi begani, akiwa bado kapiga magoti, nikatoka.

Eda nilikaa nyumbani kwa mchinjaji. Kisha wakanipa jiko la nyuma, nikapikia Waafrika na Waarabu wa mji ule miaka mingi, wali wa nazi upande huu, tambi za kuvuta upande ule. Wale vijana wawili siri haikuwakaa mdomoni, ikafika kwa mke wake mpya. Akambadilishia kitasa cha mlango, kitasa cha aina ile ile aliyokuwa akiwapakilia wafanyabiashara, yeye akabaki nje.

Mie nilirudi Tanga na mali yangu. Wahandisi wa Kichina wanaojenga huku kwetu wanakula kwangu, na yai jeusi ninalo, nalikata mwenyewe. Yeye, aliyekuwa mume wangu, alirudi na kisukari na mguu usio na vidole. Alikuja kwenye geti langu, mtu aliyenizidi miaka sita, akasimama juani akaniambia, "Shikamoo."

Nikamwambia, "Marahaba," nikampa kiti, hapo hapo getini. Hajaondoka tangu siku hiyo.

Wahandisi wakiniuliza yule mzee ni nani, nawajibu kwa Kichina kwamba ni mtumishi tu, nimemtoa kijijini. Kichina anakijua vizuri kuliko mie. Anainua mkono anafungua geti.

Leo ninavyo: nyumba ya mawe Raskazone, bati jipya. Mgahawa mbele yake, na meza moja ya kuzunguka kama za Wachina. Shamba la minazi Tongoni, lile lile la mama, nililirudisha. Bajaji mbili. Friji tatu za samaki. Mbuzi ya kukunia nazi, ile ile, chuma chake nimekibadilisha. Talaka. Mlinzi mmoja, zamu ya mchana.