Sentensi ya Kifaransa iliyonivusha Kigongo kwenda kumkabili baba

Wakuu, salamu kwenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi.

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa moja: nimwache baba achinje dume la ng'ombe, au nimwambie kazi sijapata?

Ilikuwa Mwanza, katikati ya miaka ya tisini. Nimemaliza chuo, na serikali ilishaacha kuwapangia wahitimu kazi. Mashirika ya wakimbizi yalitaka watu wa Kifaransa, nikaitwa kwenye usaili. Kwa kimbelembele nikatuma salamu nyumbani Sengerema: "Mwambieni baba nimeajiriwa." Nilijua itakuwa kweli karibuni.

Baba, Msukuma wa ng'ombe, akatenga dume na kualika ukoo mzima Jumamosi. Usaili wenyewe bado!

Huku Nyegezi nasoma Kifaransa kwa Mama Odile, mkimbizi kutoka Bukavu. Tulikuwa kwenye sentensi za mambo ambayo yangetokea lakini hayakutokea. Sisi tunatia -nge- tunamaliza. Wafaransa wanataka vitenzi viwili viwili kila upande, na mimi nilisita nitumie kisaidizi kipi, avoir au être, mpaka darasa linasinzia.

Kila siku nilitoa mfano uleule: kama ningekuwa na gari.

"Eh, kijana, gari yako hiyo imenichosha! Leta kitu cha kweli."

Nikaandika: Si j'avais dit la vérité, mon père n'aurait pas invité toute la famille. Kama ningesema ukweli, baba asingealika ukoo mzima.

Haikuwa na kosa. Mama Odile akaniuliza kama ni kweli, nikamweleza yote.

"Kualika kumeshapita, hiyo sentensi ni sawa. Dume je?"

"Yupo hai, Mama."

"Sasa huyo unamlilia nini?"

Kesho yake, Ijumaa, nikapanda kivuko Kigongo kuelekea nyumbani. Njiani niliandaa maelezo kama saba hivi. Nikamkuta baba zizini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, bwana mkubwa! Umekuja kuchagua nyama?"

Maelezo yote yakapotea. "Baba, kazi sijapata. Nilidanganya."

Akamfungua dume kamba, akamrudisha kundini.

"Mimi niliwaita kwa mdomo wangu. Kuwarudisha ni kwa mdomo wako. Nyumba kwa nyumba."

Wakuu, nilichojifunza: tunajutia hata yale ambayo bado hayajatokea. Wewe ulishawahi kudanganya nyumbani kuhusu kazi? Ulijinasuaje? Funguka hapo chini.

Mimi nilinawa uso, nikaanza na nyumba ya baba mkubwa.